Kiungulia: tusiisingizie swaumu

KATIKA nyumba nyingi za Waislamu, kiungulia kimezoeleka hata hakihesabiwi tena kuwa ni maradhi. Baba huamka usiku kifua kikimuwaka, akatafuna kidonge, akarudi kulala. Ramadhani ikiingia, lawama zote hutupiwa swaumu. Sisi tunasema kosa si la swaumu, bali ni la namna tunavyokula na tunavyolala.

Baina ya umio na tumbo upo msuli unaofunga njia ili asidi isipande. Tumbo likijazwa sambusa, bajia na pilipili kupita kiasi, kisha mtu akajinyoosha kitandani, msuli huo huelemewa na asidi hupanda kifuani. Ndiyo hali ya anayekula daku akalala papo hapo.

Basi dawa ya kwanza ni mwenendo. Tufuturu kwa tende na maji, tuswali Magharibi, ndipo tule kwa kiasi, tukikumbuka mafundisho ya kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Kati ya mlo wa mwisho na kulala upite muda usiopungua saa 3. Daku iwe nyepesi, na baada ya Alfajiri tukae tusome Qur'ani badala ya kurudi kitandani. Miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuliwe kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hukunja tumbo tu. Kikoi kisikazwe kiunoni, kahawa na soda zipunguzwe, tumbaku iachwe kabisa.

Wapo wanaokimbilia kulamba magadi. Nafuu yake ni ya muda, na sodiamu iliyomo haimfai mwenye shinikizo la damu.

Lakini tutahadhari: si kila moto wa kifuani ni kiungulia. Maumivu yanayosambaa mkononi au tayani, pamoja na jasho na pumzi kubana, huenda yakawa ni ya moyo. Mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Anayemeza kwa shida, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au anayekonda bila sababu, naye asicheleweshwe. Na ambaye kiungulia humrudia kila wiki amwone daktari, asiishi kwa vidonge vya dukani.

Mwili ni amana. Asiitunze mtu kwa kufunga mchana, akaja kuihini usiku mbele ya sinia.

Wabillahi Tawfiq.