Gedi si uwanja wa kuchokoza wafu

Mwandishi aliyewashauri vijana wakeshe katika magofu ya mji wa Gedi kuwinda mizimu amesahau jambo la kwanza: hodi. Ameorodhesha kinasa sauti, kipimajoto na kifaa cha kupima nguvu za sumaku, lakini hakutaja hata mara moja idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wala wazee wa Kimijikenda wanaouheshimu msitu unaoyazunguka magofu hayo.

Anasema mizimu ichokozwe kwa kelele na kugonga kuta. Hapana! Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na karne zipatazo nne zimezila tangu wenyeji wauhame mji. Ukizipapasa, chembe hubaki kiganjani. Hapo pana kaburi lililochongwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Aliyelala pale ni mtu, si kiburudisho cha usiku.

Na hivyo vifaa? Simu iliyo mfukoni yatosha kukivuruga kipimo cha sumaku. Popo wamo magofuni, na komba hulia msituni kama mtoto mchanga. Asiyezijua sauti hizo atanasa wanyama, aseme amenasa roho.

Anayeutaka usiku wa Gedi ajiandae hivi: aombe ruhusa, aandamane na mlinzi, avae viatu vya kufunika miguu, abebe tochi na maji, na apite mchana kwanza ajue visima viko wapi. Kisha anyamaze. Mji uliohamwa nao una wenyewe, na mgeni ni adabu.