Siri ya Nyumba Anayo Dada

Mwezi huu tumwongelee mtu ambaye pengine sasa hivi yuko jikoni kwako. Unamwita dada. Anajua mumeo analala wapi mkinuniana, simu ya pili inafichwa wapi, na chupa gani zinaondolewa mezani kabla mama mkwe hajaingia. Na wewe unajua nini juu yake? Jina la kwanza, na kwamba "katokea huko Kanda ya Ziwa".

Mwaka 2001 ilitoka filamu inaitwa Gosford Park, ya jumba la kitajiri Uingereza na watumishi wake. Bwana mwenye jumba alikuwa akizaa na wasichana wa viwandani mwake, vichanga vinaondolewa, na mama mmojawapo akabaki kumtumikia mle mle ndani, kimya. Niliotazama nao wakasema hayo mambo ya Wazungu. Wapi!

Ya kwetu niliikuta Mkula, mkoani Simiyu, huko kwenye mashamba ya pamba. Binti anauza dagaa. Akiwa na miaka 19 alikuwa hausigeli Dar, kwa wanandoa wasomi kama mimi na wewe. Mke akisafiri kikazi, bwana anabisha hodi chumba cha dada. (Tusiite penzi, jamani. Anayekubishia ndiye mwenye nyumba, mshahara na ufunguo wa geti.) Mimba ilipoanza kuonekana, bwana akampa nauli na bahasha, na mke akaambiwa dada kafiwa kwao. Mama wa watu akaguswa, akamnunulia kanga ya msiba. Kanga hiyo ndiyo iliyombeba mtoto.

Usukumani mtu hujulikana kwa baba yake, ng'wana fulani. Huyu mdogo anatumia jina la babu mzaa mama. Bwana naye hutuma kitu kwa simu akijisikia, miezi mingine kimya. Kwa kukumbusha tu, kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi katika amri ya mwaka 2013, na 60,000 katika ile iliyoanza Januari 2023. Hiyo ni ya kupika na kufua. Kutunza siri hakumo.

Kaka zangu mnaochungulia jarida la wake zenu, hapa msiruke ukurasa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake. Mama anaweza kuiomba mahakama imtambue baba na kuamuru matunzo, hata kabla mtoto hajazaliwa. Ukikana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na Mkemia Mkuu wa Serikali hajali una cheo gani ofisini.

Nilimweleza yote hayo, nikidhani ataniuliza kuhusu pesa. Aliuliza jambo moja tu, kama yule mama atalazimika kujua, kwa sababu alimtendea wema na hakustahili aibu. Nikamjibu kwamba kesi ikifunguliwa, sioni mume atamfichaje mkewe. Akanyamaza, akanifungia dagaa kwenye gazeti, akaniongezea kiganja kimoja bila kunidai.