Otomesheni katika muziki: kwanza maneno yasikike

BWEGERA – Bonde la Ruzizi halikosi nyimbo. Kutoka Kamanyola hadi Kiliba, kwaya na vijana wenye kompyuta ndogo wanarekodi nyimbo za Mungu, za amani na za kuonya watu juu ya kipindupindu, ugonjwa ambao Uvira inaujua kwa miaka mingi. Kinachokosekana mara nyingi ni maneno kusikika. Kiitikio kinapiga kwa nguvu, kisha ubeti unaobeba ujumbe unazama chini ya gitaa na ngoma.

Kwa familia zilizohama, hilo si jambo la urembo tu. Wengi wanasikiliza kwa redio ndogo au kwa simu yenye spika moja, watoto wakilia na mvua ikipiga juu ya hema. Wimbo ukisema maji ya kunywa yatiwe dawa, na neno "dawa" likamezwa na ngoma, wimbo umeshindwa kazi yake hata kama watu wamecheza.

Chombo cha kurekebisha kiko ndani ya programu ambazo vijana hao tayari wanazo. Kinaitwa otomesheni. Ni mstari unaochorwa kufuata wimbo, unaoiambia kompyuta: hapa pandisha sauti ya mwimbaji, hapa shusha gitaa, hapa ongeza mwangwi. Kila wimbo unapopigwa, kompyuta inafanya vilevile. Isichanganywe na Auto-Tune, ambayo kazi yake ni kusahihisha noti za mwimbaji.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mikono. Katika studio kubwa za Ulaya na Marekani, kabla ya mashine zenye kumbukumbu kuenea miaka ya 1970, mafundi wawili au watatu waliweza kusimama pamoja, kila mmoja akishika vitelezi vyake, na kosa moja liliwalazimu kuanza upya. Leo FL Studio, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, inakumbuka kila badiliko. Hata Audacity, ambayo ni ya bure, ina kifaa cha kuchora kupanda na kushuka kwa sauti. Kwa hiyo ukosefu wa pesa si sababu ya kuacha.

Wapo watakaosema kompresa inatosha. Kompresa inasaidia kweli, kwa sababu inapunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Lakini inapima nguvu tu, maana haiijui. Haiwezi kutambua kwamba jina la kijiji au neno "chanjo" ndilo msikilizaji asilopaswa kukosa. Hilo linajulikana na sikio la mtu anayefahamu Kiswahili au Kifuliiru, na otomesheni ndiyo njia ya kuandika uamuzi wa sikio hilo.

Utaratibu mzuri ni huu. Kwanza vyombo vyote visawazishwe bila otomesheni, hadi wimbo usimame wenyewe. Anayekimbilia kuchora mistari mapema atajichosha, maana akisogeza kitelezi kwa mkono, kompyuta itakirudisha pale mstari unaposema. Kisha sauti ya mwimbaji ifuatwe neno kwa neno: lililozama lipandishwe desibeli 1 hadi 3, lililoruka lishushwe. Baada ya hapo gitaa na kinanda vishushwe kidogo, desibeli 2 hivi, pale ubeti unapoanza, na virudi kwenye kiitikio. Msikilizaji hatatambua kilichofanyika. Ataona tu kwamba anaelewa.

Mwangwi nao una mahali pake. Ukiwekwa wimbo mzima, maneno yanapandana. Ukifunguliwa kwa otomesheni kwenye neno la mwisho la mstari tu, unapendeza bila kuharibu. Na ule mchezo wa kurusha sauti kushoto na kulia, unaofurahisha kwenye vipokea sauti vya masikioni, haufiki kwa mtu mwenye spika moja. Muda wa kuuchora ungetumika vizuri zaidi kwenye ubeti wa pili.

Kuna faida nyingine kwa mahali ambapo umeme ni wa sola au wa jenereta. Kazi iliyoandikwa kwenye mstari na kuhifadhiwa haipotei batri inapoisha. Kesho fundi anaendelea pale alipoishia, na kwaya ikitaka kubadili neno moja, si lazima kuanza upya.

Redio za jamii nazo zina sehemu yao. Kituo kikipokea wimbo wenye ujumbe, kiupige kwanza kwenye redio ndogo, kwa sauti ya chini, mbele ya mtu ambaye hajawahi kuusikia, kisha aulizwe wimbo umesema nini. Akiweza kusimulia, urushwe hewani. Akikumbuka ngoma tu, urudi studio, na fundi aambiwe ni ubeti gani uliopotea. Saa moja ya kazi hiyo haimpunguzii msanii heshima. Inamfikisha kwa mama aliye chini ya hema, ambaye wimbo uliimbwa kwa ajili yake.