Ratiba ya Askari Isikome Uwanja wa Ndege

Kila msimu wa kuandikisha makurutu, taifa zima huwa macho. Vijana hufurika viwanjani kabla jua halijachomoza, wakavua viatu, wakapimwa kimo na uzito, wakakaguliwa meno na macho, kisha wakakimbizwa hadi wanyonge wajitenge na wenye nguvu. Sidhani katika nchi hii kuna mwili unaochunguzwa kwa makini kuliko huo. Lakini je, ni nani miongoni mwetu aliyewahi kuuliza mwili uo huo, na roho iliyomo ndani yake, una hali gani siku mwenyewe anaposhuka kwenye ndege akitoka kulinda amani ugenini?

Swali hili si dogo. Wanajeshi wa Kenya wamekuwa wakitumwa nje tangu 1979, walipokwenda Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, kusimamia usitishaji wa vita. Walikwenda Namibia mwaka 1989, Croatia 1992 na Sierra Leone 1999. Oktoba 2011 waliingia Somalia, na mwaka uliofuata wakawekwa chini ya Umoja wa Afrika. Hao ni maelfu ya watu, na kila mmoja ana wazazi, mwenzi wa ndoa au watoto waliobaki wakihesabu siku.

Wengi wetu hudhani kwamba maisha ya askari huko ni kufyatua risasi kutwa kucha. Sivyo. Wote niliozungumza nao wananiambia kwamba adui wa kila siku ni kungoja. Askari huamka gizani, akavaa kofia ya chuma na fulana ya kukinga risasi, akakaa chonjo handakini hadi kupambazuke, kwani alfajiri ndiyo saa inayopendwa na washambulizi. Kambi yetu ya El Adde ilivamiwa asubuhi na mapema, tarehe 15 Januari 2016. Kukishakucha, kuna chai, kusafisha silaha, kwenda doria, kusindikiza malori ya maji na chakula, na kusaka mabomu yaliyofukiwa barabarani. Adhuhuri, wasio na zamu hujibanza vivulini. Magharibi wote hurudi mahandakini, na usiku hugawana malindo. Kesho ni yale yale, na kesho kutwa ni yale yale, hadi muda wa zamu yao ugenini utimie.

Katika maisha hayo, saa moja ya mazoezi ndiyo saa ya pekee ambayo askari aweza kuiita yake. Nje ya boma hathubutu kukimbia, kwa kuwa njia hazina amani. Basi huzunguka ndani ya kuta za mchanga na seng'enge, mzunguko baada ya mzunguko, mfano wa ngamia wa kinu cha mafuta. Vyuma vya kunyanyulia havipo katika kila kambi. Asiyekuwa navyo hujaza saruji katika makopo mawili na kuyaunganisha kwa fito ya chuma, au hutia mchanga katika madumu. Wengine huruka kamba, wengine hufunga wavu na kucheza voliboli. Aliyefunga Ramadhani hungoja jua lipungue makali. Sajini mmoja mstaafu aliyetumikia Sierra Leone alinieleza kwamba alizijua hali za vijana wake kwa kutazama ni nani hakutokea mazoezini. Aliyeacha kukimbia leo, kesho angeacha kunyoa ndevu, na wiki ya pili angeacha kuwaandikia watu wa nyumbani kwake.

Mazoezi haya si ya kujipamba. Fulana ya kukinga risasi pamoja na vibamba vyake, kofia, bunduki, risasi na maji ya kunywa huweza kupita kilo 20. Ukiongeza shanta, mzigo waweza kupita 30. Tena mwili huhitaji takriban wiki mbili kulizoea joto kali. Katika muda huo hujifunza kutoa jasho mapema, na majimaji ya damu huongezeka ili moyo usilemewe. Asiyejizoeza huzirai njiani, na akizirai, wenzake hawana budi kumbeba yeye na bunduki yake. Hivyo udhaifu wa mmoja huwa mzigo wa kombania nzima.

Hata hivyo, faida iliyo kubwa zaidi ni ya moyoni. Askari hana amri juu ya saa atakayoshambuliwa, wala siku ambayo ndege ya kumrudisha itatua. Lakini ana amri juu ya mizunguko atakayokimbia asubuhi ya leo. Jasho humletea usingizi, na wenzake wanaopumua kando yake humkumbusha kwamba hayuko peke yake. Ratiba ile ndiyo nguzo iliyoishika paa la akili yake.

Sasa mtazame mtu huyo akirudi. Jana alikuwa handakini. Leo, baada ya saa chache angani, yuko Nairobi akipigiwa bendi na kusomewa hotuba. Siku chache baadaye yuko kijijini kwa likizo, na nguzo ile imeng'olewa kwa mkupuo mmoja. Hakuna zamu, hakuna sajini, hakuna mwenzake wa kukimbia naye. Saa kumi alfajiri mwili huamka wenyewe, na mkewe hushtuka kumkuta ameketi gizani akiukodolea mlango macho. Mchana marafiki humwita wakamsaidie kutumia marupurupu yake vilabuni. Sisemi kwamba kila askari huangamia kwa njia hii. Wengi hujitengeneza wenyewe kimyakimya. Nasema kwamba tumewaachia kazi hiyo peke yao, na wale wanaoshindwa twawaita walevi na watu wenye hasira.

Wazee wetu wa Keya, waliopigana Burma mwaka 1944 katika mvua na malaria ya bonde la Kabaw, walirejea kwa meli. Walikaa baharini siku nyingi pamoja na wenzao, wakasimuliana na kuwalilia waliokufa, kabla ya kuyaona makwao. Safari ile haikuwaponya wote, ila iliwapa muda. Ndege imetunyang'anya muda huo, na mataifa mengine yameligundua jambo hili mapema. Wanajeshi wa Kanada waliotoka Afghanistan walipitishwa katika kisiwa cha Cyprus kwa siku kama tano, na wale wa Uingereza kwa siku moja au zaidi kidogo, wakaogelea, wakacheza, wakalala bila silaha kando yao, na wakazungumza na washauri kabla ya kukutana na jamaa zao.

Najua watakaopinga. Watasema askari si mtoto wa kubembelezwa, na kwamba hazina ya serikali haina fedha za kuwapeleka watu kupunga upepo visiwani. Nami siombi kisiwa. Jeshi letu linajua kulea miili ya watu. John Ngugi na Paul Tergat, ambao kila mmoja alishinda mbio za nyika za dunia mara tano, walitoka majeshini. Jeshi hilo pia lina madaktari, wachungaji na maimamu wake. Jambo ninaloliomba ni kwamba ujuzi huo uliopo ufuatane na askari hadi mlangoni pake.

Kwanza, kila kikosi kinachorudi kikae pamoja kambini hapa nchini kwa wiki mbili kabla ya likizo, mazoezi ya asubuhi yakiendelea na malindo ya usiku yakipunguzwa kidogo kidogo. Pili, kila mmoja, awe afisa au askari wa kawaida, aonwe na daktari na mshauri bila kungoja aombe. Wakionwa wote, hakuna atakayenyoshewa kidole kwamba ni mwoga. Tatu, jamaa zao waitwe siku moja waelezwe watakayoyaona na namna ya kuyapokea, kwani mke aliyeonywa hashtuki sana akimkuta mumewe gizani. Nne, waliostaafu watengewe viwanja katika kaunti zao, wakutane na kukimbia pamoja hata kama mbio zao sasa ni za mwendo wa kobe. Haya yote yawe kanuni iliyoandikwa, yasiwe hisani ya mkuu mmoja mwenye huruma.

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Askari wetu wamekwenda tezi na omo kwa niaba yetu, wakasimama gizani ili sisi tulale. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba watakaporejea, ngama hiyo haijajaa maji.