Shamba la Babu Si la Kuuzwa

Tangu lami ya kilomita 66 iunganishe Mbinga na Mbamba Bay, maneno yamekuwa mengi juu ya mashamba ya urithi yaliyo kando ya ziwa. Wengine wataka kuuza. Wengine, na hao ndio tunaowaunga mkono, wasema: tujenge vibanda vichache, waje wachoraji, waandishi na wapiga ngoma, wakae kwa utulivu wafanye kazi yao, na shamba libaki letu.

Wako wanaocheka. Eti msanii atalipa nini, na kahawa ipo? Twawauliza: Elimo Njau alipofungua nyumba ya sanaa ya Kibo kwao Marangu katika miaka ya 1960, mibuni ilikauka? Ufuko huu ndio wa mganda na kioda. Ndio uliomlea Kapteni John Komba wa Lituhi, aliyefariki mwaka 2015. Lakini mtoto wetu akitaka kujifunza sanaa hufunga safari mpaka Bagamoyo.

Hata hivyo, ndugu, yatupasa tuwe macho. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika "Mali ya Taifa", akaonya kwamba ardhi ikiuzwa kama bidhaa, wenye fedha wataichukua na mwananchi atakuwa mpangaji katika nchi yake. Leo hatari hiyo haiji na bunduki. Huja na mgeni mcheshi, mpenda ngoma, anayetoa fedha za mabati na kuomba karatasi ndogo tu itiwe sahihi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hakimiliki ya kimila ni ya raia. Kijana asikubali jina lake liwe pazia la mtu mwingine.

Wala shamba si la kaka mkubwa peke yake. Umatengoni ntambo, mteremko mzima kati ya vijito viwili, ulikuwa wa ukoo. Sheria hiyo hiyo yampa mwanamke haki sawa ya ardhi. Basi dada aliyeolewa Liuli aitwe, na jina lake liandikwe katika hati. Vibanda navyo vikae nyuma ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, kama itakavyo sheria ya mazingira ya 2004, wavuvi wapate pa kushushia mitumbwi na kuanika usipa.

Wanachama wetu walio katika halmashauri za vijiji, toka Lituhi hadi Mbamba Bay, wadai kuona muhtasari wa kikao cha ukoo kabla ya kuidhinisha lolote. Na waulize jambo moja zaidi: wapiga mganda wa kijiji wataingia pale kama wenyeji, au watatozwa kiingilio?