Pete ya Ndege Isomwe Shuleni

Kila ifikapo Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi, ukungu unapotanda juu ya vilima vya Ngulia katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ndege wadogo kwa maelfu hushuka kutoka angani wakifuata mwanga wa taa za hoteli iliyoko huko. Ndege hao si wenyeji. Wametoka Ulaya na Asia wakiikimbia baridi, nao wako njiani kuelekea kusini. Tangu mwaka 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakikesha mahali hapo na nyavu zao za nyuzi nyembamba. Kila ndege anayenaswa hupimwa uzani na urefu wa bawa, huvalishwa mguuni pete nyepesi yenye nambari, kisha huachiliwa ashike njia yake. Waliokwisha kuvalishwa pete ni mamia ya maelfu.

Hapana shaka yuko msomaji atakayeuliza faida ya kazi hiyo, hasa akiambiwa kwamba ni pete chache mno zinazoonekana tena. Lakini hizo chache, zilizopatikana Urusi, Bara Arabu na Malawi, ndizo zilizotuonyesha njia wanayoifuata ndege hawa.

Miongoni mwao mna ndege wa kahawia, mwenye uzani wa gramu 12 hivi, ambaye wanasayansi humwita Acrocephalus palustris. Ukimtazama huoni la ajabu. Mnamo 1979, mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewasikiliza ndege hao nchini Ubelgiji, alitangaza kwamba wimbo wao karibu wote ni kuigiza sauti za ndege wengine. Alizitambua sauti za aina 212, na 113 kati ya hizo ni ndege wa Afrika. Yaani Mbelgiji anayemsikia akiimba kando ya shamba lake huwa anawasikia pia ndege wa vichaka vyetu, pasipo kujua!

Ni wanafunzi wangapi wa Kenya wanaoijua habari hii? Twahofu ni wachache. Hukariri kwamba ndege huhama, wakayaandika hayo katika mtihani na kupata alama, ilhali uhamaji wenyewe unapita juu ya paa la darasa lao. Hatuwalaumu walimu. Darasa la wanafunzi 60 halipelekwi Tsavo kwa nauli ya mfukoni mwa mwalimu. Hata hivyo, si lazima kwenda Tsavo.

Januari 2024, ndege mla samaki wa jamii ya tai, aliyevalishwa pete nchini Finland, alinaswa katika wavu wa mvuvi huko Siaya, kilomita 7,000 hivi kutoka alikotoka. Wananchi waliiona pete, na habari zikalifikia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ndege huyo alikufa, lakini safari yake ilijulikana. Linganisha na yaliyotokea Misri mwaka 2013, ambako korongo aliyefungwa kifaa cha utafiti alitiwa mbaroni akidhaniwa kuwa jasusi.

Vilabu vya wanyamapori vimekuwamo katika shule zetu tangu 1968, na mtaala wa umilisi unadai wanafunzi wajifunze kwa vitendo. Basi kila kilabu na kiwe na daftari moja, humo waandikwe ndege walioonekana shuleni, tarehe na idadi yao, mwaka baada ya mwaka, hata mwalimu aliyelianzisha akihamishwa. Daftari la mwaka mmoja halina uzito. La miaka 20 mtafiti atalisafiria.

Na mwanafunzi akiokota ndege mwenye pete, anakili nambari na maandishi yote, mahali na siku, kisha azipeleke habari hizo kwa Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi au kwa afisi ya KWS iliyo karibu. Ndege akiwa hai, pete isitolewe.