Studio ya Nyakakika Isisubiri Mkopo

Kumwambia kijana wa Nyakakika, Karagwe, asifungue studio nyumbani mpaka anunue flashi za mamilioni, kama ilivyodaiwa kwenye makala ya gazeti, ni kumzibia riziki bure. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, shuka la kitanda likiwa pazia la nyuma. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa.

Karagwe iko karibu na ikweta, mwanga tunao. Mweke mteja kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, lifunike kwa kitambaa cheupe chepesi, kisha upande wa pili simamisha ubao mweupe ulainishe kivuli cha uso. Asikae mbali: dirisha likiwa dogo, umbali ukiongezeka maradufu mwanga hushuka hadi karibu robo. Balbu ya manjano izimwe, maana ikichanganyika na mwanga wa mchana huharibu rangi ya ngozi.

Usiku, ndiyo, taa inahitajika. Moja ya LED na mwavuli mweupe zinatosha kuanzia. Fedha inayobaki inunue lenzi nzuri, ambayo makala ile haikuitaja kabisa.